Taa za Soko Zipimwe kwa Usiku, Si kwa Uzinduzi

Mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kupeleka umeme wa jua katika soko la Kitonyoni, kaunti ya Makueni, alikuwa na jina katika utafiti wa bahari kabla hajafika huko. AbuBakr Bahaj, profesa wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, alikuwa amepima kwa miaka mitambo ya kufua umeme kwa mikondo ya bahari. Vielelezo vidogo vya mitambo hiyo huzamishwa katika mahodhi ya majaribio, hukokotwa majini kwa kasi mbalimbali, na kila nguvu inayotoka na kila mkazo unaoipata huandikwa. Mwaka 2012 timu yake, pamoja na wakazi wa Kitonyoni, ilisimamisha sokoni paa la paneli lenye uwezo wa kilowati 13.5. Chini ya paa hilo kuna kivuli, na mvua ikinyesha maji yake hukingwa na kuhifadhiwa kwenye matangi. Umeme ulitoka hapo kwenda madukani, shuleni, kanisani na katika zahanati, na ushirika wa wenyeji ndio uliokabidhiwa kazi ya kuuza umeme huo na kukusanya pesa za kuutunza.

Nimeanza na Kitonyoni kwa sababu kuna jambo ambalo watu wa bahari walijifunza mapema, tena kwa gharama kubwa, na ambalo sisi wa Kitui na Makueni bado hatujaliingiza katika vitabu vyetu vya bajeti. Wao hawajisifu kwa idadi ya taa walizosimamisha. Swali lao ni moja: taa ile ilikuwa inawaka usiku ule, au haikuwa?

Lipo shirika la kimataifa la alama za kuongozea vyombo vya majini, linalojulikana kama IALA. Liliundwa mwaka 1957, makao yake yako Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, na mwaka 2024 likapandishwa hadhi kuwa shirika la kiserikali la mataifa. IALA imeigawa minara ya taa na maboya katika madaraja matatu. Taa ya daraja la kwanza, ile ambayo nahodha hawezi kuikosa, inatakiwa iwe kazini kwa asilimia 99.8 ya muda wake. Daraja la pili ni asilimia 99. Daraja la tatu, la chini kabisa, ni asilimia 97. Hesabu hufanywa kwa miaka mitatu mfululizo, ili mwezi mmoja mzuri usifunike miezi mibaya.

Tugeuze asilimia hizo ziwe usiku. Miaka mitatu ina usiku 1,095. Taa ya daraja la kwanza inaruhusiwa kukosekana kama usiku mbili tu katika muda huo wote. Ile ya daraja la mwisho, ambayo nahodha anaweza kujikwamua bila hiyo, inaruhusiwa usiku 33. Ni soko gani la Ukambani lenye daftari linaloweza kutuambia taa yake ilikosekana usiku ngapi tangu iwekwe?

Kipimo hicho ndicho kilichoamua, miaka nenda miaka rudi, ni nishati gani inafaa baharini. Mnara wa taa ulio juu ya mwamba hauna jirani wa kukimbilia kwa fundi, wala hauna nyaya za stima zinazopita karibu. Mwaka 1907 Mswidi Gustaf Dalén alibuni vali inayoongozwa na jua. Ndani yake mlikuwa na kijiti cheusi kilichofyonza mwanga wa mchana, kikarefuka kwa joto lake na kuiziba gesi. Jua likitua, kijiti kilinywea, gesi ikapita na taa ikawaka yenyewe. Alikuwa pia na kifaa cha kuifanya taa imulike kwa vipindi badala ya kuwaka mfululizo, hivyo mtungi mmoja wa gesi ukadumu muda mrefu sana bila mtu kuugusa. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huo huo mlipuko wakati wa jaribio la gesi ulimpofusha. Kazi yake ilifika hadi kwetu pwani: mnara wa Chumbe, karibu na Unguja, uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, ulihamia kwenye gesi mwaka 1926.

Baada ya gesi zikaja nishati jadidifu zenyewe, na kila moja ilipelekwa majini ijieleze. Huko Japani, Yoshio Masuda alitengeneza boya linalotumia mawimbi. Maji yakipanda na kushuka ndani ya bomba husukuma hewa, hewa huzungusha mtambo mdogo, na taa hupata umeme wake. Maboya hayo yaliingia sokoni mwaka 1965. Miaka miwili kabla ya hapo, katika nchi hiyo hiyo, mnara wa taa uliwekewa paneli za jua za wati 242, na wakati ule hapakuwa na mkusanyo wa paneli mkubwa kuliko huo duniani. Leo paneli moja juu ya kibanda cha kinyozi pale Mwingi inaweza kutoa zaidi ya hapo.

Upepo nao ulijaribiwa. Unavuma usiku, unavuma wakati wa mawingu, na kwa hesabu ya karatasi unaonekana kuwa mwenzi mzuri wa jua. Lakini pangaboi lina sehemu zinazozunguka, chumvi huzila, dhoruba huzivunja, na kila safari ya fundi kwenda mwambani huhitaji meli au helikopta. Jua lilishinda katika taa nyingi kwa sababu paneli hukaa kimya na haina kinachosagika. Mafundi wa bahari walichagua chanzo kitakachoharibika mara chache zaidi, hata kama kingine kingetoa umeme mwingi kuliko hicho.

Wakafanya jambo jingine ambalo sisi huliruka. Kabla ya kuongeza paneli, walipunguza matumizi ya taa. Taa za LED zilipofika, kazi iliyokuwa ikifanywa na balbu kubwa ikafanywa na wati chache. Taa inayomulika sekunde moja kisha ikazima sekunde tisa hutumia sehemu moja tu ya kumi ya umeme ambao ingeutumia kama ingewaka mfululizo. Kisha wakakadiria betri kwa mwezi mbaya kuliko yote katika mwaka, pamoja na siku nyingi za mfululizo zisizo na jua, wala si kwa wastani wa mwaka mzima. Taa ya kaskazini mwa Ulaya haikadiriwi kwa jua la Juni. Hukadiriwa kwa giza la Desemba.

Tuje nyumbani. Watu wa mbali hudhani Ukambani ni jua mwaka mzima, na wauzaji wengi wa taa za sola hufikiri hivyo hivyo. Anayeishi hapa anajua kwamba kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda juu ya vilima vya Mbooni na Kilungu tangu alfajiri, mara nyingine hadi mchana, na baridi yake inawafanya watoto waende shule wamejifunika. Mji wa Kitui nao hupata asubuhi nyingi za namna hiyo. Ni majira makavu, mvua hainyeshi, lakini jua halionekani sawasawa. Taa iliyokadiriwa kwa jua la Februari itazinduliwa Februari kwa vifijo, itaangaza hadi asubuhi, na kufika Julai itazima saa tatu usiku, mama mboga akiwa bado hajauza sukuma wiki yake. Betri inayomalizwa hadi chini kila usiku kwa miezi mitatu haipati nafuu jua likirudi. Imekwisha kuumia. Mwaka unaofuata hali inakuwa mbaya zaidi, na wa tatu nguzo inabaki ya kufungia mbuzi siku ya soko.

Nimeziona nguzo hizo katika masoko ya kaunti zote mbili, na msomaji wa Zombe, Kyuso, Kathonzweni au Emali anaweza kutaja za kwake bila kusaidiwa. Zipo za sola na zipo zile ndefu za mulika mwizi zinazotegemea stima ya gridi, ambazo huzimwa pia bili isipolipwa. Mwananchi anayepita chini yake usiku hana haja ya kujua ni aina gani ya giza. Anajua tu kwamba bodaboda haioni shimo, kwamba duka limefungwa mapema, kwamba msichana aliyetoka masomo ya jioni anatembea haraka. Upande wa Kibwezi na Mtito Andei, ambako ndovu wa Tsavo huvuka na kuingia mashambani, giza lina hatari nyingine ambayo watu wa Nairobi huisoma tu magazetini.

Sisemi kwamba viongozi wetu hawakujali. Pesa zilitengwa, nguzo zikaja. Kasoro iko katika namna pesa za umma zinavyopangwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la taa za barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha kati, iende kwenye maendeleo. Lengo lake ni jema: kuzuia mishahara isile kila kitu. Lakini nguzo mpya huhesabiwa kuwa maendeleo, na betri ya kubadilisha katika nguzo ya zamani huangukia matumizi ya kawaida, ambako inashindana na mishahara, mafuta ya magari na posho. Hivyo ni rahisi zaidi kwa kaunti kununua taa mpya kuliko kuiponya iliyopo. Taa mpya ina utepe wa kukatwa na jina la wadi. Betri mpya haina sherehe.

Kitonyoni walilikwepa tatizo hilo kwa kuweka umiliki wazi tangu mwanzo. Ushirika huuza umeme, na sehemu ya mapato ni ya matengenezo. Mwenye duka anayelipia umeme ana ulimi wa kudai umeme. Taa ya soko haimtozi mtu, kwa hiyo hakuna mwenye risiti mkononi wa kwenda ofisini kulalamika. Ndiyo sababu taa ya umma inahitaji kipimo kikali kuliko umeme wa kulipia. Baharini hali ni ile ile: meli moja moja hailipi papo hapo kwa kila mmuliko, na kama kipimo kisingewekwa, minara mingi ingekuwa magofu.

Kuna vitu vya sola ambavyo tayari vimepita mtihani huu Ukambani, na tunapaswa kuvitazama vizuri. Jokofu la chanjo la zahanati ya mashambani lilikuwa likiendeshwa kwa paneli na betri, na betri ndiyo iliyokuwa ikifa kwanza. Aina mpya zaidi huunganishwa moja kwa moja na paneli. Mchana hugandisha barafu, na usiku barafu hiyo ndiyo inayolinda chanjo. Wahandisi waliitambua sehemu dhaifu wakaiondoa. Pampu ya sola ya kisima nayo hufanya hivyo: hujaza tangi mchana, na tangi ndilo linalohifadhi kazi ya jua hadi jioni. Kinachozisumbua pampu zetu ni maji yenyewe. Kusini mwa Kitui, Mutomo na Ikutha, maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi hiyo hutafuna vyuma kama ile ya bahari inavyotafuna maboya. Fundi wa pampu wa Mutomo na fundi wa boya la bandari ya Kilindini wangekuwa na mengi ya kuambiana.

Taa haiwezi kuepuka betri, kwa kuwa inatakiwa hasa wakati jua halipo. Basi lazima betri iwe na mpango: itabadilishwa mwaka gani, kwa pesa gani, na nani atapanda kuibadilisha. Betri za kisasa za lithiamu huwekwa juu ya nguzo ndani ya taa yenyewe, na hilo limepunguza wizi, lakini sasa fundi anahitaji ngazi ndefu au lori la kumwinua. Kaunti ikinunua taa bila kufikiria ngazi, imenunua taa ya miaka michache tu.

Na habari itajulikanaje? Baharini, taa nyingi leo zinajiripoti zenyewe kwa redio au setilaiti. Hapa pengine mtu atasema hiyo ni teknolojia ya mataifa tajiri. Sivyo. Mwaka ule ule wa 2012 ambao paa la Kitonyoni lilisimamishwa, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo ya sola ya nyumbani kwa malipo ya polepole ya M-Pesa, kila mtambo ukiwa na laini ya simu ndani yake. Kampuni hujua ni nani amelipa, na asiyelipa umeme wake hufungwa kutoka mbali. Teknolojia ya kuizima taa ya nyumba ya mwananchi wa Kyuso akichelewa kulipa imekuwapo kwa zaidi ya miaka kumi. Teknolojia hiyo hiyo inaweza kuieleza kaunti kwamba taa ya soko la Kyuso haikuwaka jana. Kilichokosekana ni mtu wa kuiagiza katika zabuni.

Lakini sitaki tungojee hata laini za simu. Makueni ina kitu ambacho kaunti nyingine huja kujifunza: kamati za wananchi za kusimamia miradi. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, ilijengeka desturi kwamba mkandarasi halipwi malipo ya mwisho hadi kamati ya wenyeji itie saini kuwa kazi imekamilika. Ni desturi nzuri sana, na inastahili kuongezwa urefu. Kwa taa, saini ya siku ya kukamilika haitoshi. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ibaki kaunti kwa miaka mitatu, itoke kidogo kidogo kulingana na usiku ambao taa iliwaka hadi alfajiri. Sitaki kipimo cha mnara wa bahari kuu. Ninaomba asilimia 97, daraja la mwisho la IALA: usiku 33 za kusamehewa katika miaka mitatu. Mkandarasi anayejua kwamba pesa zake zimo katika usiku wa Julai mwaka wa tatu hataleta betri ya kukadiriwa kwa jua la Februari.

Kitui nayo ina msingi wake. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa nishati, na Kitui iliuandaa wake kwa ushirikiano na Caritas Kitui, CAFOD na taasisi ya IIED, kwa kuanza na mahitaji ya watu badala ya kuanza na vifaa. Zaidi ya karatasi, Ukambani nzima ina mwethya, vikundi vya kazi za pamoja vilivyobeba mawe na mchanga kujenga mabwawa ya mchanga katika mito yetu ya msimu. Watu walioweza kulinda bwawa la mchanga kwa miongo wanaweza kuandika katika daftari kama taa iliwaka.

Kuna hoja mbili dhidi yangu ambazo nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba meli ikipanda mwamba hasara ni ya mamilioni ya dola, mafuta humwagika, watu hufa, kwa hiyo bahari ina haki ya kipimo kikali, na soko la kijiji halina. Naikubali nusu yake ya kwanza. Lakini makontena yanayoongozwa na taa kuingia Kilindini hupita baadaye Mtito Andei, Kibwezi na Emali, kwa lori na kwa reli, na mizigo hiyo inalindwa usiku wote hadi inafika lango la Makueni. Mwanamke anayejifungua saa nane usiku katika zahanati ya Ikutha hana thamani ndogo kuliko kontena. Tena sikuomba asilimia 99.8.

Hoja ya pili ni ya pesa: tukitenga fedha za betri na za kusubiri miaka mitatu, taa mpya zitakuwa chache, na mwakilishi wadi ambaye wadi yake haikupata atakuwa na maneno. Ni kweli, zitakuwa chache. Nadhani ni afadhali masoko kumi yawe na mwanga hadi alfajiri kuliko thelathini yawe na nguzo. Suala la usawa kati ya wadi litatuliwe kwa ratiba inayojulikana na wote, wadi gani itafikiwa mwaka gani, badala ya kuwagawia watu vyuma. Na tusitegemee kuokolewa kutoka nje. Mradi mkubwa wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyo na gridi, KOSAP, ulioidhinishiwa fedha za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga kaunti 14, kuanzia Turkana hadi Kwale. Majirani zetu Tana River na Taita Taveta wamo. Kitui na Makueni hazimo.

Kazi inaweza kuanza bila kununua taa hata moja. Kila soko lenye taa za umma lichague watu wawili, mmoja mwenye duka na mmoja mlinzi wa usiku, wapewe daftari. Waandike mambo matatu: taa iliwaka saa ngapi, ilizima saa ngapi, na anga lilikuwaje mchana wake. Waanze Juni mosi, majira ya mawingu yakiingia, ili mwezi mgumu kuliko yote uwe ndani ya hesabu. Kila kaunti inatakiwa kisheria kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba mosi. Miezi mitatu ya daftari ingefika mezani kwa wakati, na wanakamati wa nishati katika mabunge ya Kitui na Makueni wangekuwa, kwa mara ya kwanza, na orodha ya masoko yaliyopangwa kwa idadi ya usiku yaliyokaa gizani.